Jina Langu Ukutani

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimedhalilishwa na runinga.

Bi. Maliha Bandali, mwenye kampuni yetu, ametundika runinga kubwa pale mapokezi, ofisini Kinondoni, juu ya duka la marumaru. Haionyeshi taarifa ya habari wala mpira. Inaonyesha orodha ya programu zinazofanya kazi kwenye seva, kila moja na jina lake, ili wateja wajue hatulali. Wazo zuri. Mie mwenyewe nililipigia makofi. Kisha nikaisoma orodha.

Programu ya Naqi imeandikwa naqi-ramani. Hiyo ndiyo inayoonyesha mabasi ya shule yalipo. Programu yangu, ile inayowatumia wazazi meseji kwamba basi la mtoto linakaribia, imeandikwa dotnet.

Dotnet! Ndiye nani?

Sababu naijua. Mie naandika kwa C#, na programu ya C# haitembei kwa miguu yake. Inabebwa na programu nyingine iitwayo dotnet, na seva inamwona mbebaji tu. Nimeumiza macho mwaka mzima, sifa kachukua mbebaji.

Kwenye kikao Bi. Maliha akasema anampenda sana huyu Dotnet, yupo kazini wakati wote, halalamiki, na akauliza anakaa meza gani. Sekela, msimamizi wa seva, akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili. Naqi alicheka waziwazi, kicheko cha puani.

Halafu ikaja habari yenyewe: Ijumaa atatangazwa Mkuu wa Programu. Ni mie au Naqi. Naqi tayari anatembea kama mtu mwenye ofisi ya kiyoyozi. Kanipita mlangoni akaniita "Bwana Dotnet, habari za jioni?"

Nzuri. Nzuri sana. Kabla ya Ijumaa jina langu litakuwa ukutani.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemwendea Sekela kwa mzunguko. Nikasema kuna rafiki yangu, yupo kampuni nyingine, anataka programu yake ya C# ionekane kwa jina lake badala ya dotnet. Sekela akasema si ishu: huyo rafiki aifungashe upya iwe programu inayojitegemea, aipe faili lake jina, tuizime Jumamosi shule zikiwa zimefungwa, tuiwashe tena.

Nikauliza kwa nini kasema "tuizime". Akasema kwa sababu huyo rafiki ni mie.

Nikauliza basi itaitwaje. Akasema "ujumbe". Nikauliza kwa nini isiitwe Haroub. Akasema kwa sababu ni ujumbe.

Huyu dada katoka Tukuyu na hana mzaha. Nikamshukuru nikaenda zangu. Jumamosi inakuja baada ya Ijumaa, hilo la kwanza. La pili, mie sitaki kuitwa ujumbe. Nataka programu yangu ijibadilishe jina yenyewe, kutokea ndani, bila ruhusa ya mtu.

Nimehangaika nayo kutwa. Sikuondoka kitini hata kwa chakula. Tatizo la C# ni kwamba ni lugha yenye mlezi. Inakusafishia kumbukumbu, inakuokotea takataka, inakuzuia usijikate. Ukitaka kutoka nje inauliza unakwenda wapi na nani. Nimeiambia ibadilishe jina la uzi mkuu wa programu, yaani mkondo wa kwanza wa kazi zake. Ikasema ndiyo, imebadilisha. Nikatazama nje kwenye orodha: dotnet. Yaani imelipokea jina, ikaliweka ndani kwake, ikanyamaza.

Nimerudi Temeke kichwa kinavuma. Shangazi Wahiba, ninayeishi kwake tangu nihitimu, akaniuliza nilipita wapi, na nani, na kwa nini kola imekaa hivi. Majirani amewaambia naandika code, ila yeye hutamka kodi. Sasa wanadhani nipo mapato, wakiniona wanaficha friji za soda.

Jumatano, 10 Septemba

Njia ipo!

Mlezi anaweza kurukwa. C# inaruhusu kuita kazi za mfumo wenyewe ulio chini, yaani Linux, moja kwa moja. Kazi ninayoitaka inaitwa prctl, jina ambalo ukilitamka unaonekana umepaliwa. Unaipa jina jipya, inalibandika.

Asubuhi niliita mara nyingi na ukutani hakikubadilika kitu. Nikaishuku seva. Nikaishuku runinga. Nikamshuku Naqi. Kumbe programu moja ina nyuzi nyingi, na prctl inabadilisha jina la uzi ule tu ulioiita. Mie nilikuwa naita kutoka kwenye uzi mdogo wa pembeni, kazi yake kusubiri. Nimempa cheo mfagiaji nikashangaa mkurugenzi hajabadilika.

Nikahamisha wito, nikauweka mwanzo kabisa, kwenye uzi mkuu. Nikajaribu kwenye kompyuta yangu. Orodha ikasoma: haroub.

Niliruka. Goti likagonga meza. Naqi akauliza kama nimepigwa shoti. Nikasema mguu umekufa ganzi.

Sasa, "haroub" tupu haitoshi. Haroub wapo wengi. Nimechagua Haroub-Amur-Mbunifu. Amur ni baba. Mbunifu ni mie. Na kwa kuwa nipo humo humo, nimeongeza kitu kidogo: kila meseji itakayokwenda kwa mzazi itaishia na maneno "Umetumwa na" kisha jina la programu. Wazazi nao wana haki ya kujua.

Jina refu sijalijaribu. La nini? Fupi limekubali.

Kesho nitawahi kabla ya Sekela. Nazima, nawasha, kwisha.

Alhamisi, 11 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Niliwahi. Nikazima, nikawasha. Nikashuka mapokezi mbio kama bwana harusi aliyechelewa. Nikatazama ukutani.

Haroub-Amur-Mbu.

Linux inapokea herufi kumi na tano. Zinazobaki inakata, haiulizi. Haroub Amur Mbu! Baba yangu kamsomesha mdudu.

Nikawa nimeshika ngazi nipande kurekebisha, nikaona mstari wa pili. Haroub-Amur-Mbu. Kisha wa tatu. Nikasugua macho. Wa nne.

Hapo nikamkumbuka mlinzi. Mlinzi si mtu. Ni programu ndogo ya Sekela, kila baada ya muda mfupi inapita kwenye orodha kutafuta jina dotnet. Isipoliona, inaamini programu yangu imekufa, inawasha nyingine. Nami nimelifuta jina dotnet. Kwa hiyo mlinzi anawasha nakala mpya, nakala inajiita Mbu, mlinzi anapita tena, haoni dotnet, anawasha nyingine. Nilikuwa nimefungua mazalia.

Bi. Maliha akaingia. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya juu kuliko kawaida, nikasimama mbele ya runinga. Runinga ni pana kuliko mie.

Akavaa miwani. Akasoma polepole, kwa sauti. Akauliza, "Haroub, hawa wote ni wewe?"

Nikasema kwa namna fulani, Madam.

Simu ikalia. Akaipokea mwenyewe. Ikalia nyingine. Kila nakala ilikuwa inawatumia wazazi meseji ile ile. Boko yote na Msasani yote wanaambiwa basi linakaribia, basi linakaribia, basi linakaribia. Watu wametoka getini na taulo. Mama mmoja kamtoa mtoto nje na kumrudisha ndani mpaka mtoto akalia. Baba mmoja wa Msasani alisema haondoki kwenye simu mpaka aongee na Bwana Mbu.

Nilipanda juu. Nikaanza kuziua nakala moja moja. Naua mbili, mlinzi analeta moja. Jasho. Na hapo hapo, sijui lilitoka wapi, likanijia wazo. Nikafungua faili, nikabadilisha jina la kuandika. Nikaandika naqi-ramani.

Nilijiambia ni la muda tu, nipate kupumua.

Mbu wa zamani nikawamaliza. Waliozaliwa upya wote wakaitwa naqi-ramani. Ukuta ukajaa Naqi juu mpaka chini. Bi. Maliha akamwita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Naqi akaja, akatazama, uso ukamshuka. Akaapa hajui kitu. Mie nilisimama kando nikitikisa kichwa, kama mtu aliyekuja kumpa pole.

Sekela akafika. Hakuuliza. Akamzima mlinzi kwanza. Kisha akaamuru programu zote zenye jina naqi-ramani zizimwe kwa mkupuo. Zikazimika zote.

Pamoja na ile ya kweli.

Ramani ikawa nyeupe. Mabasi yote yakapotea. Na katika dakika hizo hizo akapiga simu mama wa Boko, anaitwa Arwa. Kila meseji ilipoingia alimtoa mwanawe getini. Mwishowe akamwacha pale asimame, akaingia ndani kuvaa viatu. Alipotoka, getini hapana mtu. Aya, ana miaka sita, begi la waridi. Akauliza, "Basi limepita au halijapita? Niambieni tu, limepita au halijapita?"

Kujibu swali hilo ndicho kitu pekee kampuni yetu inachofanya, na hatukuweza.

Dereva hakupokea simu. Akiendesha hapokei, tuliwafundisha sisi wenyewe. Naqi alikuwa anawasha ramani yake upya na vidole vinakosea. Bi. Maliha akachukua funguo za gari, akaniambia twende.

Akashika Barabara ya Bagamoyo. Midomo yake ilikuwa inasoma dua. Mie nilikuwa nahesabu watoto wote wenye mabegi ya waridi kando ya barabara na kuwaomba kila mmoja awe yeye. Nilitaka kufungua mlango nikimbie, kana kwamba miguu yangu ingefika kabla ya gari.

Tulikwenda moja kwa moja shuleni. Aya alikuwa darasani anapaka rangi samaki. Basi lilimpitia, akapanda, kama siku zote. Arwa alikuwa amefika kabla yetu. Alikuwa amevaa kiatu kimoja. Amemkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto anasema mama unanibana.

Bi. Maliha akanisogeza mbele akasema huyu ndiye. Arwa alinitazama tu. Angenizaba kibao ningeona afadhali.

Aya akaniuliza, "Anko, leo mabasi yalikuwa mangapi?"

Nikasema moja.

Tuliporudi Sekela alikuwa ananisubiri na swali. Programu ya Naqi haitumi meseji, haijawahi. Iweje meseji za mwisho ziseme zimetumwa na naqi-ramani? Nikasema huenda ni kirusi. Akasema kweli ni kirusi, kimekaa kwenye kiti changu na kimevaa shati langu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilifika na vitu vyangu tayari kwenye mfuko. Kikombe, chaja, kalenda.

Bi. Maliha hakukaa. Akasema Mkuu wa Programu ni Sekela. Sekela akasema "ndaga", kwa kwao ni asante, akauliza kama anaweza kurudi kazini. Basi. Hata hotuba hakutoa! Mie yangu nilikuwa nimeiandaa kurasa mbili.

Naqi akanifuata ngazini. Alikuwa na hasira lakini pia alikuwa na kitu kingine usoni, kama mtu aliyechoka. Akasema jana, ukuta umetoka kujaa jina lake na yule mama wa Boko anamtafuta mwanawe, alidhani kweli kamuua mtoto wa watu. Akasema nisirudie kumfanyia mtu hivyo. Nikasema sawa. Akasema, "Sawa gani, Haroub?" Nikasema samahani. Akashuka.

Kisha nikaitwa. Bi. Maliha akasema usiku mzima alikuwa ananifukuza kichwani, na asubuhi akaona kunifukuza ni kunipumzisha. Badala yake nitampigia simu kila mzazi, mmoja mmoja, nitasema jina langu kamili na nitaomba radhi.

"Si ulitaka lijulikane?" akasema. Akanirudishia kalenda yangu mezani.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimepiga simu mpaka sikio limekuwa na moto.

Naitwa Haroub Amur, ni mie niliyesumbua simu yako Alhamisi, naomba radhi. Hivyo hivyo, tena na tena. Wengine walikata. Wengine walinipa maneno ambayo sitayaandika, maana Shangazi husoma. Mama mmoja alisikia jina akauliza kama ni Amur wale wa Kariakoo wenye duka la vitambaa, na kama nimeoa. Nikasema sijaoa. Akaniuliza kazi. Nikamkumbusha kilichotokea Alhamisi. Akasema aah, basi.

Mzee mmoja wa Msasani, Mzee Rubabbai, anayelea mjukuu, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwake haikuwa usumbufu. Akasema tangu mkewe afariki simu yake hailii ovyo, na Alhamisi ililia asubuhi nzima, akawa anaichukua na kuisoma kila meseji kana kwamba ni mpya. Akaniuliza kama tutazituma tena.

Nikasema nitampigia mwenyewe siku moja moja. Akasema baada ya alasiri ni vizuri, kabla ya hapo analala.

Arwa nilimwacha wa mwisho. Kwa woga, si kwa utaratibu. Alipokea. Nilisema niliyoyasema. Akasema alipotoka getini asimwone Aya alisikia mtu anapiga ukelele, akageuka kutazama ni nani. Kumbe ni yeye.

Baada ya simu hiyo nilikaa chini sakafuni kidogo.

Mchana tukaifungasha programu upya, Sekela anasema, mie naandika. Ikachukua muda mfupi kuliko muda wa chai. Sasa ukutani imeandikwa ujumbe. Inafanya kazi. Mlinzi anaijua. Haina fahari yoyote, na nilipoitazama sikutaka kuongeza hata herufi.

Nimeapa mbele ya Shangazi Wahiba: mambo ya majina basi. Maisha yangu yote yaliyobaki. Shangazi akasema vizuri, kula.

Jumatatu, 15 Septemba

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ofisi. Nje ya mlango.

Ilikuwa siku njema. Nilikuwa mtu mpya. Nimemwamkia Naqi mwenyewe. Sekela akaona utulivu wangu, akanipa kazi ya kuaminiwa: mlangoni imefungwa mashine ya alama za vidole, niingize wafanyakazi wote. Akasema nataka jina na kidole, basi, usiongeze kitu. Nikasema mie? Niongeze nini?

Mashine ni nzuri sana. Jina linakubali refu kadiri utakavyo. Nikaandika Haroub Amur Mbunifu, ikalichukua lote, haikukata. Ilinifurahisha moyo, sikatai. Chini ya jina kuna nafasi ya kuchagua cheo: Mfanyakazi, Mgeni, Mkuu. Nikawaza, huu ni mlango tu. Mlango nani anausoma? Si ukutani. Si meseji. Kiapo kilihusu mambo ya programu.

Nikachagua Mkuu. Naqi nikamchagulia Mgeni. Ni utani wa kawaida wa ofisini.

Nikatoka kuswali adhuhuri. Nikarudi, nikaweka kidole. Mashine ikaandika kwamba Mkuu mpya hatambuliki mpaka athibitishwe kwa kidole cha Mkuu aliyepo. Nikaweka tena. Nikaweka kidole kingine. Nikakipangusa kwenye suruali. Nikaweka gumba.

Kengele ipo. Lakini nikiipiga itabidi nieleze.

Akaja Naqi kutoka kula, na kijiti mdomoni. Akaweka kidole. Mashine ikapiga kengele ndani kwamba kuna mgeni, na Bi. Maliha akaja mwenyewe kumpokea, tabasamu pana, karibu sana, akamkuta ni Naqi. Wakacheka wote wawili. Nimesikia akimwambia aingie basi, chai ya mgeni ipo tayari na kashata ipo. Mlango ukajifunga. Mie nilikuwa nimejibana nyuma ya nguzo.

Nimekaa nimefikiri kwa utulivu, bila pupa, kama mtu aliyejifunza. Mpango haukuwa mbaya. Umepungukiwa na kitu kimoja kidogo mno.

Kidole cha Sekela. Nusu dakika tu, akiwa anatazama kwingine.